Mama wa Maabara na Jiko la Wapanda Mlima

Kila mwalimu mgeni katika shule yetu ya wasichana, juu kidogo ya soko la Kibugu, alijifunza mambo mawili katika wiki ya kwanza: kutembea kwenye matope ya mashamba ya chai bila kuanguka, na kunyamaza kijiko kikilia. Kijiko kililia mara nne au tano kwa siku, ngo, ngo, ngo, juu ya sahani ya bati, kutoka nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya maabara. Hapo Mama wa Maabara aliweka chini alichokuwa ameshika, akakifunika, akavua koti lake jeupe, akalitundika msumarini, akatoka. Hakukimbia hata siku moja. Wasichana walibaki kwenye viti vyao virefu wakingoja, na mwalimu wa kemia, ambaye bila msaada wake hakujua chupa gani iko wapi, alingoja pia.

"Ni hatua arobaini na mbili kwenda," aliniambia siku moja. "Kurudi ni arobaini na nne."

"Njia si ni ile ile, Mama?"

"Ni ile ile. Lakini kurudi nakuwa nimechoka."

Aliyepiga sahani alikuwa mama mkwe wake. Sote tulimwita Cucu, yaani nyanya. Nilipofika Kibugu, Cucu alikuwa amekwisha kulala miaka saba bila nguvu za miguu. Mwanawe wa pekee wa kiume alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akapata kazi, akapata mke mwingine, na akapata sababu nyingi za kutorudi. Mabinti zake walikuwa wameolewa upande wa Mbeere, kila mmoja na mzigo wake. Akabaki mkaza mwana. Mwanamke ambaye mumewe amemwacha ndiye aliyekuwa akimgeuza mama wa mume huyo kitandani, asubuhi, adhuhuri na jioni, asipate vidonda.

Wageni walimuuliza kwa nini haondoki. Alikuwa na jibu moja. "Nikiondoka, nani atamgeuza?" Hakusema kwa uchungu wala kwa majivuno. Alisema kama mtu anayeuliza saa, akangoja ajibiwe, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumjibu, aliendelea na kazi.

Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa fundi wa maabara. Alitayarisha dawa za majaribio, akaosha vioo, akabadilisha mitungi ya gesi, akaandika vilivyovunjika kwenye kitabu. Hata nyumbani kwake mambo yalikuwa ya maabara. Chumvi ilikaa kwenye chupa ya kahawia yenye karatasi iliyoandikwa CHUMVI na siku ilipofunguliwa. Sukari vivyo hivyo, na magadi, na majani ya chai aliyoyachuma na kuyakausha mwenyewe. Mara ya kwanza aliponikaribisha nilicheka, naye hakuona cha kuchekwa. "Chumvi na sukari zinafanana," alisema. "Wewe unajuaje?"

"Naonja."

"Siku moja utaonja kitu ambacho hakionjwi."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kijana, mtu wa Kiirua upande wa Meru, na nilipenda methali. Yeye alizichukia. Nikisema haraka haraka haina baraka, aliuliza, "Haraka kiasi gani? Dakika ngapi?" Aliamini methali ni za watu wasiopima. Lakini alikuwa na misemo yake mwenyewe, na hakujua kwamba ni misemo. "Kisichoonekana kiheshimu mara mbili," aliwaambia wasichana kabla hawajagusa koki ya gesi. Na msichana akisema samahani: "Samahani haizimi moto. Kwanza zima, halafu utaomba samahani."

Wasichana walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Angeweza kumrudisha mtoto kwenye sinki mara kumi na moja kwa sababu ya alama moja ya maji kwenye kioo. Hata hivyo nilimwona, kwa macho yangu, akiandika kwenye kitabu cha vilivyovunjika kwamba kipimajoto kilianguka mikononi mwake yeye, wakati aliyekiangusha alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyesimama pale. Msichana alipoondoka nilimuuliza kwa nini.

"Huyo nyumbani kwao kuna mambo," alisema. "Mimi hiki kitabu kimeshanizoea."

Kwenye stoo ya maabara, nyuma ya mlango, alikuwa amebandika ramani ya Nairobi. Hakuwa amewahi kulala Nairobi, lakini ungemtajia barabara mbili angekuambia zinakutana wapi. Mara mbili chuo kimoja huko kilimpa nafasi ya kusomea diploma ya kazi yake, mwaka mmoja tu, na mara mbili aliandika barua ya kushukuru na kukataa. Alinionyesha nakala zake. Zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko mzuri mno, kama mialiko ya harusi.

Kuhusu Cucu mwenyewe, sitamfanya malaika kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Ulimi wake ulikuwa na nguvu zote zilizokosekana miguuni. Kwa maneno yake, mkaza mwana wake hakujua kupika, hakujua kuosha, alimtia maji baridi makusudi. Sijamsikia akimshukuru. Naye Mama wa Maabara hakumbembeleza. Walizungumza kwa Kiembu kifupi kifupi, kama watu wawili wanaouziana kitu wasichokitaka. Lakini Cucu akikohoa, mwanamke yule alisimama ghafla, hata kama yuko katikati ya sentensi.

Na Cucu alikohoa sana. Alikohoa kwa sababu ya moshi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kwa kuwa sahani ilipigwa wakati wowote, Mama wa Maabara hakuweza kupika kwenye kibanda cha nje kama watu wengine. Alipika kwa kuni katika chumba cha kwanza, na moshi ulipita juu ya ukuta wa mbao ukamkuta mgonjwa. Makaa aliyakataa kwa kuwa alijua sumu yake ndani ya chumba kilichofungwa. Stovu ya mafuta ya taa ilimtapisha Cucu. Hivyo ndivyo walivyoishi: anayepika akilia machozi ya moshi huku, anayepikiwa akikohoa kule.

Ndipo kaka yake, aliyekuwa akiwabebea mizigo wazungu wa kupanda mlima, akamletea jiko. Wageni wale walikuwa wameliacha walipokuwa wakishuka. Lilikuwa jiko dogo ajabu, lenye miguu mitatu ya kukunja, la kuingia kwenye mfuko wa koti. Lilikaa juu ya kikopo cha gesi kisichojazwa tena, kikiisha kinatupwa. Kulikuwa na vikopo viwili. Siku aliyoliwasha alikuja kuniita kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Njoo usikie," aliniambia.

Nilifikiri anasema moto. Nilipoingia nikaelewa. Cucu alikuwa kimya. Maji yalikuwa yakichemka juu ya moto wa buluu, na upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akipumua bila kukohoa.

Vikopo viwili viliisha kabla ya mwezi kuisha. Tulitafuta vingine Embu mjini, tukaingia kila duka la vyombo. Mwenye duka mmoja alikigeuza kikopo mkononi akasema huenda vikapatikana Nairobi. Kuni zikarudi, na kikohozi kikarudi. Mama wa Maabara alilitazama lile jiko kwa wiki nzima bila kuligusa. Halafu akanunua mtungi mdogo wa gesi, ule wa kujazwa tena na tena, akaazimia kuvioanisha.

Anayedhani ni jambo la kufunga mpira tu na kuwasha hajawahi kujaribu. Skrubu ya jiko ilitengenezwa kwa ajili ya kikopo na haikukubali kitu kingine. Wakati huo, tena, kila kampuni ya gesi ilikuwa na koki yake. Alichora kipande anachokitaka, kwa vipimo, akampelekea fundi wa kukereza vyuma pale Embu. Fundi akamtengenezea kwa shaba. Kikaingia sawasawa. Akawasha, na moto ukatoka mdogo, wa kutetemeka, usioweza kuchemsha hata yai.

"Wamelizoesha kusukumwa kwa nguvu," alinieleza. Gesi kwenye kikopo ilikuwa ikienda moja kwa moja kwenye jiko kwa nguvu zake zote, kwa hiyo kitundu cha kutolea moto kilikuwa chembamba kama ncha ya sindano. Lakini kwenye mtungi mkubwa kuna regyuleta inayoipunguza nguvu gesi ili isilete maafa. Gesi ya polepole haikuweza kupita kwa wingi kwenye kitundu cha gesi ya haraka. Nikamuuliza kwa nini asiiondoe regyuleta. Alinitazama kama nimemwambia tumchinje Cucu.

Alimpelekea fundi wa saa apanue kitundu. Kikapanuka mno, moto ukawa wa manjano, sufuria ikapakwa masizi. Miezi mitatu akahangaika. Kisha akakumbuka kwamba majiko ya maabara, yale ya bomba yanayotumia gesi hiyo hiyo ya mtungi, yana vitundu vya kiasi anachokitaka. Kulikuwa na moja limekufa kwenye kabati, limefutwa vitabuni, linangoja kutupwa. Mtu mwingine angelichukua tu. Yeye alimwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba "kipande kimoja cha shaba kutoka kifaa kisichofaa tena", na hakukigusa mpaka jibu lilipotoka likiwa na muhuri.

Kipande kile kikafanya kazi. Mtungi aliuweka nje, kwenye kasha la mbao lenye matundu, na mpira wa gesi ukapita ukutani. Kila kiungo alikipaka povu la sabuni, akachutama na kutazama kama kuna kinachotoa mapovu. Hakikutoa. Akawasha. Moto ukasimama, wa buluu, wenye sauti ndogo ya upepo.

Jiko lililotengenezwa litembee na watu mpaka kwenye theluji sasa lilikuwa limefungwa kwenye ukuta wa chumba kimoja Kibugu. Sikumwambia hilo. Kwake lilikuwa jambo tofauti kabisa, na aliniambia jioni hiyo hiyo.

"Sasa mtu mwingine anaweza kupika hapa bila kumuua kwa moshi."

"Mtu gani?"

"Sijui. Mtu." Kisha akasema kwamba chuo kinapokea maombi tena, na kwamba mwaka ujao atakuwa amepita umri wanaoutaka.

Nilisema mimi. Ninataka ieleweke kwamba hakuniomba. Mwaka uliotangulia niliugua homa ya matumbo, mbali na watu wa kwetu, na ni yeye aliyeninywesha uji wa wimbi kwa kijiko siku kumi na mbili, kati ya kengele na kengele, baada ya kumlisha Cucu. Nilisema nitahamia pale, nitapika, nitamgeuza, mwaka mmoja.

"Mwaka ni siku mia tatu sitini na tano, mwalimu. Umezipima?"

"Nimezipima."

"Hujazipima," alisema. Lakini alituma maombi.

Alinifundisha miezi miwili. Kumgeuza Cucu nilijua kwa siku tatu. Zilizobaki zote zilikuwa za jiko. Fungua dirisha kwanza, hata kama kuna baridi. Usiache sufuria peke yake, hasa maziwa. Ukimaliza funga koki ya nje kwenye mtungi, si ya jiko peke yake. "Gesi hii haipandi kama moshi," alisema. "Ni nzito. Inatambaa sakafuni kama nyoka na kukusanyika pale chini. Ukinusa, usiwashe kitu. Fungua mlango, funga mtungi, toa mtu." Alinifanya niseme yote kwa sauti, kisha niyaseme nikiwa nimefumba macho, kisha akaniandikia kwenye ubao mdogo na kuutundika juu ya jiko.

Aliondoka mwezi wa kwanza, asubuhi, na sanduku moja la bati. Cucu alikataa kumuaga, akageuzia uso ukutani. Lori la majani ya chai lililompa lifti lilipokwisha kupinda kona, akaniuliza, "Amevaa sweta?"

Sitadai kwamba nilimpenda Cucu. Nilidhani subira ni tabia ya moyo, kumbe ni kazi ya mgongo. Alfajiri niliamka kumgeuza. Darasani, katikati ya ngeli za nomino, kijiko kililia nikatoka, nikarudi, nikakuta wasichana wanazungumza, kikalia tena. "Wewe wa Meru," Cucu aliniambia, "chai yako ni maji ya mto." Jumamosi wenzangu walikwenda mjini nami nikabaki. Sikuwa na mahali pa kukaa ambapo sahani haikusikika. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nikiisikia hata ikiwa imetulia, na nikaanza kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuhesabu hatua za kwenda na za kurudi.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa amenionya mara mbili kwa kuchelewa gwaride la asubuhi. Mara ya tatu, alisema, barua itakwenda wilayani. Mimi nilikuwa bado katika majaribio ya kazi.

Wiki ya tisa mvua zilianza. Asubuhi hiyo Cucu alilalamika baridi nami nikafunga dirisha. Niliinjika maziwa. Kengele ikalia. Nilisema nitajionyesha tu kwenye gwaride na kurudi, dakika tano, maziwa hayatakuwa yamechemka. Nikakipunguza kile kimoto, nikatoka.

Mwalimu mkuu alikuwa na maneno mengi siku hiyo, kuhusu wasichana wanaokwenda sokoni bila ruhusa. Tulisimama ukumbini, mvua ikipiga mabati. Halafu nikasikia kijiko. Kililia kama kawaida, kikanyamaza, kikalia tena bila kunyamaza, haraka haraka. Walimu wenzangu waliinamisha macho kama tulivyozoea. Mwalimu mkuu alinitazama mimi moja kwa moja, huku akiendelea kusema. Nami nilisimama. Nilijua mlio ule si wa kuomba maji. Nilisimama nikahesabu, atamaliza sasa, atamaliza sasa. Kisha sahani ilianguka, na baada ya hapo ilikuwa mvua tu. Hapo ndipo nilipokimbia.

Maziwa yalikuwa yamefurika na kuuzima moto, na gesi ilikuwa ikiendelea kutoka. Harufu ilinipiga mlangoni. Cucu, ambaye hakuwa ameshuka kitandani miaka minane, alikuwa ameteremka kwa mikono akitafuta mlango, na kuteremka huko ndiko kulikompeleka sakafuni, pale pale gesi ilipokuwa imetuama. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha chumba chake. Nilifunga mtungi, nikauacha mlango wazi, nikamburuta mpaka nje kwenye mvua, na pale akatapika na kupumua. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Mwalimu mkuu alipiga simu chuoni. Kesho yake Mama wa Maabara alikuwa hospitali ya Embu, kando ya kitanda alicholazwa Cucu. Jioni alipanda Kibugu, akaingia nyumbani kwake, nami nikamfuata. Aliliona dirisha, bado limefungwa kwa komeo. Aliyaona maziwa yaliyokaukia kwenye jiko. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akayapangusa polepole mpaka shaba ikang'aa. Kisha akaniuliza, "Wewe hukuumia?"

Siku ya pili mwalimu mkuu alituita wote wawili ofisini aandike ripoti. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno. Kabla sijafungua mdomo, Mama wa Maabara alisema kiungo cha mpira kililegea.

"Kosa ni la jiko," alisema. "Na jiko nililitengeneza mimi."

Mwalimu mkuu alinigeukia. "Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu?"

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na kazi isiyo na uhakika. Nilisema ndivyo.

Hakurudi chuoni. Nyonga ya Cucu haikuunga vizuri, na sasa kumgeuza kulitaka mtu anayejua, mara mbili zaidi ya zamani. Sokoni na kanisani walisema sayansi ya yule mwanamke nusura imuue mama mkwe wake, na kwamba Mungu ndiye aliyemrudisha kutoka Nairobi akamhudumie. Aliyasikia. Ramani aliiondoa nyuma ya mlango wa stoo, pakabaki mraba safi kwenye rangi iliyochakaa. Aliendelea kupikia jiko lile lile, akitumia mpira ule ule ambao aliwaambia watu kwamba ulilegea, na hakuna aliyegundua kwamba hakuubadilisha.

Nilikaa pale miaka miwili mingine. Alinisalimia kila siku, akanipa chai kwenye kikombe kile kile. Hatukulizungumza. Mara nyingi nilivuka kutoka darasani nikiwa nimeamua, na kila mara alikuwa na chupa mkononi, au sahani ilikuwa ikilia. Nikaomba uhamisho nikarudi upande wa Meru. Kumwacha hakukunipunguzia chochote. Nilikuwa nikiamka Kiirua, kwenye ubaridi ule wa mashamba ya viazi, na kumwona akipangusa maziwa. Nilisikia kwamba Cucu aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na kwamba alifia mikononi mwake.

Tulikutana tena Kinoru, pembeni mwa mji wa Meru, karibu na uwanja wa michezo. Wakati huo nilikuwa nimetoka darasani, nafanya kazi ofisi ya elimu Meru mjini, na nina mvi. Alikuwa akitoka dukani na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amepungua, lakini aliweka miguu chini kwa ule utaratibu wake, nikamjua kwa mgongo kabla ya uso. Alikuwa anaishi pale kwa binti yake, ambaye zamani zile alikuwa mwanafunzi wa bweni mbali na nyumbani. Sasa ni muuguzi.

"Zamu zake ni ngumu," aliniambia. "Nalea wajukuu watatu. Watoka shule saa tisa na nusu, kwa hivyo nina saa moja."

Tuliingia kwenye hoteli ndogo. Mhudumu akatuletea chai na nduma. Alinipa habari za watu wa Kibugu, nani amestaafu, nani amefiwa. Nilimwacha amalize. Kisha nikasema kile nilichokuwa nimekibeba miaka yote hiyo: kwamba nilifunga dirisha, kwamba niliacha maziwa, kwamba nilisikia kijiko nikasimama.

Kwa dirisha na maziwa hakushtuka. "Hayo niliyaona," alisema. Kwa kijiko aligeuza kikombe chake kwenye sahani.

"Kwa nini uliongopa kwa ajili yangu mbele ya mwalimu mkuu, Mama? Nilikufungia maisha."

"Hukunifungia." Alisogeza nduma upande wangu. "Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nairobi ilinishinda. Mimi nilizoea kazi ya mikono, na kule ni hesabu tupu. Nilikaa na watoto wa miaka ishirini wakinicheka. Siku mliyopiga simu, sanduku langu lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Ijumaa ile ningepanda gari nirudi. Nyinyi mliniokoa aibu. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa na deni la kukuambia, nikakuacha unateseka bure. Unisamehe."

Alisema bila kusita, akinitazama machoni.

Kuna jambo ambalo hakulijua. Wiki ile alipokuwa hospitalini na Cucu, dereva wa shule alitumwa Nairobi kumchukulia vitu vyake, nami nilimsihi aniruhusu niende naye, na nikamwomba asimwambie Mama wa Maabara, kwa kuwa sikutaka anishukuru. Chumba chake nilikifungasha mimi. Sanduku lilikuwa tupu, chini ya kitanda. Nguo zake zilikuwa kwenye kamba, daftari liko wazi mezani na penseli katikati. Ukutani kulikuwa na karatasi ya mtihani wa kwanza, na mwalimu wake alinifuata mpaka kwenye gari akiniuliza mwanafunzi wake bora atarudi lini.

Nilimtazama. Chai yake ilikuwa inapoa, na saa yake moja ilikuwa inakwisha. Alikuwa akingoja kuona kama nimeamini.

"Sikujua, Mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akauegemeza mgongo kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu tukae, na akamwita mhudumu atuongezee chai.